Sura ya Tano: Anayefunga Ziwa Ashike Ufunguo

Reli inakomea Mpanda. Treni ikitoka Tabora huachana na njia ya Kigoma pale Kaliua, hukata pori kilomita 210, hupita Katumba, kisha husimama. Tawi hilo lilifika hapa mwaka 1950 likifuata madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Anayetaka kuendelea magharibi hutafuta gari, akapanda vilima na kushuka mabonde kwa zaidi ya kilomita mia moja hadi Karema. Hapo nchi kavu inaisha, Ziwa Tanganyika linaanza.

Simama ufukweni Karema utazame maji. Mbele yako, ng'ambo, ni Kongo. Kulia, mbali kaskazini kwenye ncha ya ziwa, ni Bujumbura. Kushoto, kusini, ni Mpulungu ya Zambia. Nchi nne zinanawa katika beseni moja lenye urefu wa kilomita 670 hivi. Boti za mbao hupita zikibeba mahindi, mchele, dagaa, mawese, vitenge, sabuni na abiria. Kabla ya kuulizana hati za kusafiria, watu wa hapa huulizana habari za upepo.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Ukisikia habari za vikwazo vya kiuchumi, akili hukimbilia Washington au Brussels, kana kwamba ni jambo linalofanywa na wengine na sisi tunalisikia redioni. Lakini tunalo somo letu wenyewe. Tarehe 31 Julai 1996, viongozi wa kanda yetu walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi njia zote: za nchi kavu, za maji na za anga. Tanzania, yenye bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati na ufukwe mrefu wa ziwa hili, ikawa bawabu mkuu. Mlango huo ulifungwa hadi tarehe 23 Januari 1999, miaka miwili na miezi sita kasoro siku chache.

Sura hii inamfuata mtu ambaye hatokei kwenye picha za mikutano: ofisa mwandamizi wa serikali anayekabidhiwa tamko la wakuu wa nchi jioni, akatakiwa kulifanya kuwa kweli kesho yake asubuhi. Ninaamini kazi yake inaeleweka vibaya. Watu humpima kwa ukali wa kufuli alilopiga. Mimi ningempima kwa mambo matatu aliyoyajua siku ile ile ya kufunga: kipi kibaki wazi, nani atalipia, na mlango utafunguliwa kwa dalili gani. Anayefunga bila kuyajua hayo ametupa ufunguo majini.

Tamko la Arusha

Burundi haikufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1993 Warundi walipiga kura wakamchagua Melchior Ndadaye. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi walimuua, na nchi ikaingia katika mauaji ya kulipizana kisasi. Mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege moja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya, ambaye alikwisha kutawala kwa mapinduzi ya mwaka 1987 na kukabidhi madaraka mwaka 1993 baada ya kushindwa kwenye uchaguzi.

Siku sita tu baadaye viongozi walikuwa Arusha. Mwenyeji alikuwa Rais Benjamin Mkapa, na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro. Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Zaire zilikuwepo, na Zambia ikaingia katika safu. Salim Ahmed Salim aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati huo. Walichokitaka kilikuwa na vipengele vinavyosomeka: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe tena, na mazungumzo yaanze mara moja, bila masharti, na pande zote, zilizomo ndani na nje ya nchi, zikiwemo zenye silaha.

Tulione jambo hilo kwa uzito wake. Majirani maskini, wengi wao wakidaiwa madeni makubwa, walijitwika wenyewe adhabu ya kiuchumi dhidi ya jirani yao bila kusubiri amri ya Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama lilikuja nyuma, kwa azimio namba 1072 la tarehe 30 Agosti 1996, likiunga mkono juhudi za kanda. Kwa mara ile, Afrika Mashariki ilitangulia na dunia ikafuata.

Kutangulia huko kulikuwa na gharama yake, na gharama ilianza kuonekana pale tamko lilipotoka kwenye ukumbi na kuingia kwenye jalada la ofisi.

Forodha ya siku thelathini

Msomaji, jiweke kwenye kiti cha Katibu Mkuu. Mezani kwako kuna karatasi isemayo vikwazo vinaanza. Haisemi nani amzuie nani, wapi, kwa sheria gani, wala tishari lililokwisha kung'oa nanga Kigoma lifanyweje. Hayo ni juu yako.

Unahesabu unaowahitaji. Ukianzia baharini, kuna Mamlaka ya Bandari. Kwenye mabehewa kuna Shirika la Reli, na ndilo lenye meli za ziwani. Ndege ziko chini ya wenye anga. Benki Kuu inahusika kwa sababu ya malipo. Kuna polisi, uhamiaji na wanajeshi wa mpakani. Zaidi ya wote kuna forodha. Na hapa historia ilitutega: Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo leo tunaiita TRA kana kwamba ilikuwepo tangu enzi, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996. Chombo kilichotakiwa kuukagua mzigo wa taifa jirani kilikuwa kimetimiza siku thelathini.

Halafu kuna desturi ya muda mrefu. Mzigo wa Burundi haukuwa mgeni kwetu. Tangu mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walikuwa na eneo lao la bandari Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Rwanda, Burundi na Kongo zipite. Watu wakaliita eneo hilo Belbase. Kwa miaka 75 njia hiyo ilikuwa koo la Burundi: mzigo ukishuka melini Dar, ukapanda reli ya kati, ukashushwa Kigoma, ukavushwa kwa tishari hadi Bujumbura. Kahawa na chai vikirudi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu vikwazo vya Tanzania viliuma kuliko vya mtu mwingine yeyote. Ndiyo sababu pia vilituuma sisi: kila behewa lililosimama lilikuwa mapato ya reli yetu, mshahara wa mpakuzi wa Kigoma, na nauli ya mama lishe aliyempikia.

Koo hilo angalau lilikuwa na lango moja kubwa la kufunga. Tatizo ni ziwa. Kigoma ina gati na ofisi. Lakini kutoka mpaka wa Burundi hadi Kasanga karibu na Zambia kuna mamia ya kilomita za ufukwe, na kila kijiji kina mahali pa kusogeza boti. Wenyewe tunapaita bandari bubu. Ni bandari zisizosema: hazina gati, hazina daftari, hazina mtu wa kuuliza. Miaka ile Karema na Ikola zilikuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, na makao makuu ya mkoa yakiwa Sumbawanga. Waraka ukitoka Dar ulipita Sumbawanga, ukaja Mpanda, kisha ukasubiri gari la kwenda ziwani, na masika barabara haipitiki. Palipokuwa na simu ya upepo, habari ilitangulia waraka. Boti lilitangulia vyote viwili.

Kuna somo hapa ambalo hakuna chuo cha diplomasia kinachoweza kulifundisha vizuri kuliko Karema. Nguvu ya kikwazo haizidi nguvu ya kituo chake kidogo kabisa cha mwisho. Kamba hukatikia pembamba. Ofisa mwandamizi asiyejua jina la kituo hicho, idadi ya watu waliopo, kama wana boti na kama boti lina mafuta, anasimamia karatasi.

Orodha ya vinavyopita

Ukishafunga, simu zinaanza. Hospitali ya Burundi inahitaji dawa. Shirika la misaada lina tani za chakula na halina dizeli ya kuzisafirisha. Shule zinafunguliwa na hakuna madaftari. Mkulima anataka mbegu, na mvua hazisubiri kikao.

Viongozi wa kanda waliliona hilo mapema, wakaunda kamati ya pamoja ya kuratibu vikwazo, na kila nchi ikatakiwa kuwa na chombo chake. Hapo ndipo penye kazi halisi ya usimamizi, na hapo ndipo mtu mwenye huruma na mtu mwenye msimamo hugombana ndani ya kichwa kimoja. Mwanzoni kilichoruhusiwa kilikuwa kidogo, hasa dawa na mahitaji ya dharura ya kibinadamu, na hata hicho kilihitaji kibali. Kibali kinahitaji saini, saini inahitaji kikao, na wajumbe wa kikao wako miji tofauti. Mwezi ukapita. Kwa mtoto anayeumwa malaria, mwezi ni umri.

Angalia suala la mafuta peke yake. Dizeli inaendesha kifaru. Dizeli hiyo hiyo inaendesha jenereta la chumba cha upasuaji na lori la unga. Ukiizuia, bei yake Bujumbura hupanda mno, kama ilivyopanda. Mwenye gari la jeshi hakosi. Anayekosa ni mwenye basi dogo, kisha abiria wake, kisha muuza nyanya aliyemtegemea abiria. Na katikati huzuka mtu mpya: mwenye jamaa mpakani, mwenye jamaa jeshini, mwenye fedha taslimu. Huyu hununua kwa bei ya kawaida ng'ambo na kuuza kwa bei ya uhaba nyumbani. Ile tofauti ya bei ni zawadi aliyopewa na vikwazo. Aliyekusudiwa kubanwa anaweza kumgeuza mfanyabiashara huyo kuwa rafiki, na wote wawili wakaiombea hali idumu.

Njia za panya zilikuwa nyingi. Majirani wote walitia saini, lakini hawakuwa na uzito mmoja wala maslahi mamoja. Oktoba 1996 vita vikalipuka mashariki mwa Zaire, Uvira ikatekwa mwezi huo huo na Kalemie ikatekwa mapema mwaka uliofuata. Ufukwe mzima wa magharibi ukabadilisha mwenyewe. Nani angesimamia forodha ya pwani ambayo haikujulikana ni ya serikali ipi?

Aprili 1997 wakuu wa nchi walirudi Arusha, wakalegeza kamba. Vyakula, dawa, vifaa vya elimu, vifaa vya ujenzi na pembejeo za kilimo vikaruhusiwa. Ulikuwa uamuzi wa haki. Isome orodha hiyo tena, kisha jiulize: ni kitu gani ndani yake ambacho hakikujulikana mwezi Julai 1996? Je, mtu alihitaji miezi minane kutambua kwamba mbolea haipindui serikali, na kwamba daftari la darasa la tatu si silaha? Orodha ya vinavyopita ingeandikwa usiku ule ule wa tamko, Warundi wengi wasingepoteza msimu wa kulima. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami naongeza, mpeni mapema.

Katumba na Mishamo

Sasa turudi kwenye reli. Kabla ya kufika Mpanda, treni inapita Katumba. Hapa, na kule Mishamo kaskazini magharibi, waliishi makumi kwa makumi elfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Serikali ya Mwalimu iliwapa ardhi: Katumba mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mishamo mwaka 1978, na Ulyankulu upande wa Tabora. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakalipa kodi, wakailisha wilaya na kubakisha cha kuuza. Vikwazo vilipotangazwa mwaka 1996, walikuwa wamekaa Mpanda kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto aliyezaliwa Katumba alikuwa mzazi tayari, na kwenye karatasi bado ni mkimbizi wa nchi ambayo hajawahi kuiona.

Kwa ofisa anayesimamia vikwazo, Katumba na Mishamo zilikuwa fundo gumu. Chama cha Palipehutu kiliasisiwa Mishamo mwaka 1980. Tawi lake lenye silaha, FNL, lilikuwa mojawapo ya makundi yaliyopigana na jeshi la Burundi. Bujumbura haikuacha kulisema hilo. Serikali ya Buyoya ilidai kwamba Tanzania haiwezi kuwa hakimu, kwa kuwa imewapa hifadhi wapinzani wake. Tanzania ilijibu kwamba kumpa mkimbizi hifadhi si kumpa mpiganaji bunduki, na kwamba ndiyo nchi inayobeba mzigo wa kila risasi inayopigwa Burundi. Miaka ile mkoa wa Kigoma ulikuwa ukipokea wakimbizi wapya kwa maelfu.

Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli wa kutosha kuumiza. Nchi yetu ilikuwa msuluhishi, ikawa mwekaji wa vikwazo, ikawa mwenyeji wa wakimbizi, ikawa pia mwenye bandari inayopoteza mapato. Ofisa mmoja angeweza kuamka na kofia nne. Ushauri wangu kwa yeyote atakayekalia kiti hicho ni kuzitenganisha kofia hizo hadharani, kila moja na ofisi yake na msemaji wake. Msuluhishi anahitaji kuaminiwa na wote, na mwenye kufuli hawezi kuaminiwa na aliyefungiwa. Mwalimu alikuwa na heshima iliyoweza kubeba utata huo, lakini hata yeye ulimlemea. Ujumbe wa Bujumbura ulisusia na kuahirisha, ukitaja vikwazo kuwa sababu. Sera isitegemee kwamba kila kizazi kitazaa Nyerere.

Deni la mwaka 1965

Tulikuwa na mahali pa kujifunza. Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Mawaziri wa Afrika waliitaka Uingereza ichukue hatua, la sivyo nchi zao zikate uhusiano. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilikata uhusiano wa kibalozi na London, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Tuliumia, tukasimama.

Lakini aliyelipa zaidi alikuwa Zambia. Shaba yake na mafuta yake vilipita Rhodesia. Vikwazo vya kimataifa vilipoanza, Zambia ilijikuta imefungwa pamoja na aliyekusudiwa. Hapo kanda ilifanya jambo ambalo ninaliona kuwa moyo wa sera nzuri ya vikwazo: ilimjengea aliyeumia mlango mwingine. Bomba la mafuta la Tazama lilianza kazi mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Reli ya Tazara, kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo mzigo ulikuwa mzito kiasi kwamba Oktoba 1978 Zambia ilirudi kutumia njia ya kusini. Hakuna anayeweza kumlaumu Kenneth Kaunda kwa hilo bila kwanza kusoma daftari la hesabu zake.

Mwaka 1996 hakuna aliyemjengea mwingine mlango. Reli ilipoteza mzigo, Kigoma ikapoteza kazi, wenye maboti wa mwambao mzima wakajifunza kusafiri usiku. Gharama haikugawanywa. Ilianguka pale ilipoangukia. Ofisa mwandamizi anapowasilisha rasimu ya vikwazo kwa mawaziri, ukurasa wa kwanza uoneshe tunachotaka, na wa pili uoneshe majina ya watu wetu watakaolipia na fidia yao itatoka fungu gani. Kama ukurasa wa pili ni mtupu, walipaji wataanza kujifidia wenyewe, na fidia yao tunaiita magendo.

Siku ya kufungua

Nije kwenye jambo lililoniuma zaidi nilipoifuatilia habari hii. Masharti ya Julai 1996 yalikuwa matatu. Septemba 1996, katika mwezi wa pili wa vikwazo, Buyoya alitangaza kulirudisha Bunge na kuruhusu vyama. Ni kweli kwamba Bunge lile lilikuwa gofu: wabunge kadhaa walikuwa wameuawa, wengine walikuwa uhamishoni. Ni kweli pia kwamba sharti zito, mazungumzo na wenye silaha, lilikuwa bado. Lakini hatua ilikuwa imepigwa, na upande wa pili hapakuwa na ngazi ya kushuka nayo. Vikwazo vilikuwa kitu kimoja kizima, ama vyote ama hakuna. Aliyetimiza sehemu hakupata sehemu.

Mapema mwaka 1997 serikali ya Buyoya ilikuwa ikizungumza kwa siri na waasi wa CNDD huko Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Mwezi Septemba 1997 viongozi wa kanda walikutana Dar es Salaam na kuamua vikwazo viendelee. Juni 1998 mazungumzo ya Arusha yakaanza kwa ukamilifu chini ya Mwalimu, pande 17 zikiwa mezani. Miezi saba baadaye, Januari 1999, vikwazo vikasimamishwa. Mwalimu hakuuona mwisho: alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akashika usukani, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. FNL na CNDD-FDD, kundi la waasi lililojitenga na CNDD, hawakuwa miongoni mwa waliosaini, na vita viliendelea kwa miaka kadhaa zaidi.

Je, vikwazo vilifanya kazi? Nakataa jibu la neno moja. Kwa upande mmoja, Buyoya hakuwa na sababu ya kukaa na maadui zake isipokuwa alikuwa amebanwa, na mkataba wa Arusha uliweka mgawanyo wa madaraka uliobadilisha siasa za Burundi na jeshi lake. Kwa upande mwingine, uchumi wa Burundi ulikuwa umekwisha kuporomoka kwa vita tangu mwaka 1993, wafadhili walikuwa wamekimbia, na anayetaka kupima maumivu ya vikwazo peke yake hana mizani ya kuyatenga na maumivu ya vita. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni hiki: vikwazo vilimleta mtu mezani, lakini vilichelewa kumwonesha kwamba kukaa mezani kuna malipo. Tungekuwa tumeandika tangu siku ya kwanza kwamba Bunge likirudi tunafungua elimu na kilimo, vyama vikiruhusiwa tunafungua saruji na nguo, mazungumzo yakianza tunafungua mafuta, kila upande ungejua bei ya kila hatua. Mtu akijua bei, anaweza kununua.

Gati jipya, swali la zamani

Dunia imebadili mtindo. Baada ya mateso ya raia wa Iraq katika miaka ya 1990, serikali nyingi zilianza kulenga watu badala ya mataifa: fedha za fulani zizuiwe, fulani asisafiri. Burundi ilipotikisika tena mwaka 2015, Marekani na Umoja wa Ulaya waliwawekea vikwazo maofisa kadhaa, na Umoja wa Ulaya ukasitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Kanda yetu safari hii haikufunga ziwa. Msuluhishi aliyeteuliwa mwaka 2016 alikuwa Benjamin Mkapa, yule yule aliyekuwa mwenyeji wa Arusha miaka ishirini nyuma. Mtu aliyewahi kushika kufuli alirudi na mikono mitupu, na mazungumzo hayakuzaa mkataba. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba kutofunga ni jibu. Kufuli bila ufunguo halina maana, na ufunguo bila kufuli hali kadhalika.

Kazi ya ofisa nayo imehama kutoka gatini kwenda benki. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu. Miongoni mwa mambo yanayopimwa ni wepesi wa nchi kuzuia mali za watu waliotajwa na Umoja wa Mataifa. Juni 2025 tukatoka. Leo wakala wa fedha wa simu Mpanda mjini ni kituo cha mpakani kama ilivyokuwa forodha ya Karema mwaka 1996, na swali ni lile lile: je, anajua anachotakiwa kukizuia, na ana cha kumsaidia akikiona?

Na Karema yenyewe si ile. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu yake. Karema imejengewa bandari kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, na reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi ziwani imo katika mipango ya taifa. Bandari iliyokuwa karibu na kuwa bubu sasa imepewa sauti, ili mazao ya Katavi yavuke kwenda Kongo na Burundi kwa stakabadhi, mchana kweupe.

Miongoni mwa wanaolima mazao hayo ni watu wa Katumba na Mishamo. Serikali iliwafungulia njia ya uraia mwaka 2007, na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale ya mwaka 1972 walianza kukabidhiwa vyeti vyao. Vikwazo vilipofunga ziwa mwaka 1996, ofisa aliweza kuwaweka kwenye safu ya mgogoro wa Burundi. Leo hawezi. Siku atakapoletewa tena tamko la kufunga ziwa, gunia la kwanza litakalokwama kwenye gati la Karema linaweza kuwa la Mtanzania aliyezaliwa Katumba, aliyepanda mahindi yake kwa mkopo wa pembejeo, na mwenye haki ya kuuliza ofisi ya mkuu wa wilaya lini mlango utafunguliwa.

Ofisa mwema atakuwa na jibu lililoandikwa kabla gunia halijafika.